Chumvi Ndani ya Zenoni

Kibokoni, Mombasa
9 Februari 2024

Mwanangu Duha,

Assalaam alaykum warahmatullah. Sisi twaendelea, ila mimi nimepungukiwa na goti la kushoto, nusu ya mgongo, na masikio yote mawili. Masikio ndiyo yaliyonishikisha kalamu. Miaka thelathini nimeinamia kompresa za mafriji ya watu, sasa mtu akinipigia simu nasikia ngurumo tu. Juzi uliponiambia, "Ami, nimechoka," nami nikakujibu, "Inshallah, nasi twakuombea vivyo hivyo," Badria alicheka mpaka akakaa chini. Ndipo mke wangu huyo aliponieleza ulichosema, nikaona haya.

Basi tuandikiane. Mimi nitaandika kwa mkono, Badria apige picha akutumie. Zako atazichapisha Zoeb dukani kwake, pale anapouza misumari, maana herufi za kwenye simu naziona kama sisimizi.

Nieleze tena hiyo kazi yako. Barazani wananisumbua: "Shamsu, binti wa kaka yako anatafuta nini huko mgodini? Dhahabu?" Nikawaambia anatafuta kitu kisichoonekana, kisichoshikika, na hakuna mwenye hakika kama kitatokea. Kisha Ubaid akasema, "Kama maji ya mfereji wa nyumbani kwangu."

Baba yako hajambo. Bado anatengeneza mizani za watu pale karibu na Markiti, bado anagombana na kila muuza nyama aliyeupinda mshale. Akusalimu sana. Asema huko baridi ni kali, uvae soksi mbili.

Ami yako,
Shamsudin


Mgodini
2 Machi 2024

Ami yangu mpenzi,

Wa alaykum salaam warahmatullah. Barua yako nimeisoma ndani ya lifti, maana kushuka kazini ni dakika kumi, na tukifika chini tuna kilomita moja na nusu ya mwamba juu ya vichwa vyetu. Simu hazishiki. Hakuna mchana wala usiku. Kuna taa nyeupe na watu waliofunikwa nywele na viatu kama madaktari.

Wewe ni fundi friji, utanielewa kuliko wengi. Ndani ya hewa tunayovuta kuna gesi iitwayo zenoni, kidogo mno. Sisi tumekusanya tani kadhaa za gesi hiyo, tukaipoza hadi nyuzi kama mia moja chini ya sufuri ikageuka maji, tukayatia ndani ya pipa lisiloingia mwanga. Juu na chini ya pipa kuna macho ya umeme, mamia, yenye uwezo wa kuona cheche ndogo kabisa.

Tunangoja nini? Nyota zote zinazoonekana hazina uzito wa kutosha kujishikilia pamoja zisitawanyike. Kuna kitu kingine kizito kinachozishika, nasi hatukioni. Tunakiita maada ya giza. Kama kimeundwa kwa chembe, basi zinakupita mwilini sasa hivi unaposoma, wala huwashwi. Tunangoja chembe moja tu igonge atomu moja ya zenoni. Patatoka cheche, kisha umeme kidogo utapanda juu ya yale maji na kutoa cheche ya pili. Ya kwanza, ya pili, basi. Tumejificha chini ya mwamba ili chembe nyingine zinazotunyeshea kama mvua kutoka angani zisitupigie kelele. Hata vumbi la ukucha wangu likiingia humo ni balaa.

Na hiyo ndiyo miaka yangu sita, Ami. Baba nilimpa neno la miaka miwili, kisha nirudi nisomeshe nyumbani. Nilipomwambia naongeza akasema, "Miwili ni miwili," akakata simu. Mwaka wa tatu huu hataki hata kuishika nikipiga. Ndiyo maana habari ya soksi nimeisoma mara tatu. Kweli amesema hivyo?

Mwanao,
Duha


Kibokoni
14 Aprili 2024

Mwanangu Duha,

Idi njema, na kila mwaka tuwe pamoja ingawa hatuko pamoja.

Unauliza kama ni kweli. Kwani mimi nina haja gani ya kukudanganya? Idi hii baba yako alikuja kula kwetu kama kawaida. Alipokwisha kunawa mikono aliukabili ukuta, akauliza, "Duha amekula nini leo?" Nikasema sijui, labda mkate na jibini. Akasema, "Mwambie kipenzi changu asijinyime." Kisha akatoka, asionekane uso.

Nyuzi mia chini ya sufuri! Wallahi nimewaambia mafundi wenzangu wakanitazama kama nimeanza kuchanganyikiwa. Mimi jana nimevuka Feri na mtungi wa gesi begani, nikamtengenezea muuza samaki friza lake mpaka likafika kumi na nane chini ya sufuri, akataka kunibusu. Kumbe miaka yote hii nimekuwa mtu wa joto.

Swali la ufundi: pipa likivuja mnajuaje? Mimi napaka povu la sabuni kwenye paipu, panapotoa mapovu ndipo. Au ninyi mmesoma sana hata sabuni hamuijui?

Ami yako,
Shamsudin


Mgodini
20 Juni 2024

Ami,

Samahani kwa kuchelewa. Hatuna sabuni. Tunapuliza gesi ya heliamu nje ya paipu, na mashine inanusa kwa ndani kama imepenya. Lakini nimewaambia wenzangu kuhusu povu lako na wamekupenda.

Nimechelewa kwa sababu kuna jambo, na sijamwambia mtu wa nyumbani. Katika vipimo vya miezi kumi nimepata matukio matatu yenye sura ile ile tunayoingoja. Cheche ndogo, kisha ya pili, mbali na kuta za pipa, hakuna uchafu wa karibu wa kulaumu. Matatu, Ami. La tatu nilipolifungua nilitoka nikaenda kunywa maji, nikarudi kulitazama, likawa lingalipo.

Sithubutu kufurahi. Data yetu imetiwa chumvi kama kawaida, mpaka mwisho wa Septemba ndipo tutakapojua. Lakini likibaki moja tu, nitaweza kusimama mbele ya Baba nimwambie: hiki ndicho kilichonichelewesha. Nisiporudi na kitu sijui nitaanzaje hata kuvua viatu mlangoni pake. Salamu zake ndizo zinazonivusha wiki.

Duha


Kibokoni
1 Julai 2024

Duha, Duha, Duha!

Mwanangu, ulipoandika neno lile hukukumbuka kwamba Zoeb anachapisha, na Zoeb ana macho? Ilipofika alasiri baraza nzima inajua: "Binti Abdullah mwenyewe akiri, vipimo vyao vimetiwa chumvi!" Mejumaa muuza mahamri akalipeleka hadi Markiti pamoja na mahamri.

Nilikuwa chini ya friji la watu nikaona viatu vya baba yako.

"Shamsu! Duha amesema wanatia chumvi?"

"Nini?"

"Chumvi!"

"Kidogo tu, kaka. Daktari amenikataza."

Akapiga ngumi juu ya friji, hata nami nikasikia. Akasema, "Mtu akiniletea mizani aliyoibandika sumaku chini ya sahani, namrudishia bila kuigusa. Miaka arubaini! Na mwanangu mimi, mwanangu mimi Duha, akae huko mwisho wa dunia atie chumvi kwenye vipimo?" Kisha akakaa juu ya kompresa mbovu, akaweka mikono magotini. Ilikuwa inatetemeka. Miaka mitatu sijalisikia jina lako kinywani mwake. Kwa sauti ile, yaani.

Badria akamletea maji, hakunywa. Akaondoka.

Sasa nieleze. Mimi nakujua, hukuwahi kunidanganya hata ulipovunja ile birika. Lakini kwa Kiswahili tunachokijua sisi, kutia chumvi ni kuongeza kisichokuwepo. Nyinyi mnaongeza nini?

Ami yako aliyechoka,
Shamsudin


Mgodini
9 Julai 2024

Ami,

Nimecheka, kisha nikafikiria mikono ya Baba, kicheko kikaisha.

Ni kweli tunaongeza kisichokuwepo. Lakini sikiliza. Sisi tunaosoma vipimo ni binadamu, na mtu aliyengoja miaka sita huona anachotamani kukiona. Kwa hivyo mwenzetu mmoja, Stacy, amepewa kazi ya kuingiza ndani ya data, kwa siri, matukio ya uongo yaliyoundwa na kompyuta. Yanafanana na ya kweli. Hatujui ni yapi wala ni mangapi. Tunayachunguza yote kwa jicho moja, tunaandika uamuzi wetu na kuufunga. Ndipo Stacy anapofungua orodha yake: hili, hili na hili nililitia mimi, yatoeni. Kinachobaki ndicho cha kweli. Hiyo ndiyo chumvi. Wazungu ndio walioiita hivyo, nami nikatafsiri bila kufikiri kwetu ina maana gani.

Inatusaidia mara mbili. Inatuzuia tusijidanganye. Na kama tumeyaona ya Stacy, tunajua mashine iko macho, na la kweli likipita halitatuponyoka.

Mwambie Baba hatumtilii mnunuzi. Tunajitilia wenyewe, na sote tuliambiwa tangu siku ya kwanza kwamba imo. Tafadhali, Ami, msomee neno kwa neno.

Duha


Kibokoni
25 Julai 2024

Mwanangu,

Sikumsomea. Nilimpelekea karatasi yenyewe dukani. Alikuwa na mizani ya muuza tende mapajani, akaiweka chini, akaisoma karatasi amesimama, miwani kwenye ncha ya pua. Akasema, "Kama wale maafisa wa vipimo wanaovaa nguo za kawaida wakaja kununua kilo ya sukari." Nikasema ndiyo hasa. Akasema, "Hao ni watu wa maana." Kisha akairudisha miwani mfukoni, akaendelea na muuza tende wake. Nilingoja kidogo. Ndiyo hayo tu.

Barazani nimewaeleza nao. Ubaid anataka kujua kama mkewe anaweza kuwekewa mtu wa namna ya Stacy kwenye simulizi zake.

Mimi siku hizi nimekuwa mzito. Kazi ziko, mwili hautaki. Barua yako ya chumvi nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili mtu asiyejua fizikia. Hebu niulizie kitu kimoja: huyo Stacy analala? Mtu anayejua lipi ni la uongo, akamtazama mwenzake akilifurahia, akanyamaza?

Baba yako ni mzima.

Shamsudin


Mgodini
3 Oktoba 2024

Ami yangu,

Tumefungua.

Tulikuwa watu kumi na mmoja chumbani na sahani ya biskuti ambayo hakuna aliyeigusa. Stacy akasoma kwa tarehe. La kwanza: chumvi. La pili: chumvi. Akanitazama kabla ya kusoma la tatu, nikajua. Lilikuwa zuri mno lile, Ami. Limekaa katikati ya pipa kama mtu aliyepangwa kupigwa picha. Nilipaswa kushuku.

Baadaye nilimuuliza swali lako. Amesema halali vizuri tangu aliponiona nikienda kunywa maji.

Basi matokeo yetu ni kwamba hatukuona kitu. Viongozi wanasema hilo nalo ni jibu, kwamba tumeupunguza uwanja na watakaokuja watajua pa kutotafuta. Ni kweli, nami ningemwambia mwanafunzi vivyo hivyo. Lakini nimechoka, na si uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Mkataba wangu unaisha Desemba. Naweza kuuongeza, na sioni tena kwa nini.

Nilitaka kumletea Baba kitu. Sina. Kilichobaki ni salamu zake. Nimezichapisha barua zako, nikazikata salamu hizo na kuzibandika ukutani juu ya meza yangu: soksi mbili, na ile ya Idi. Jana nilizitazama nikajiambia, mtu anayesema "kipenzi changu asijinyime" hatanifungia mlango, hata nikija mikono mitupu. Nimekata tiketi ya tarehe kumi na nne Desemba. Usimwambie. Nataka nimgongee mwenyewe.

Mwanao,
Duha


Kibokoni
11 Oktoba 2024

Duha,

Barua hii nimeianza mara nne. Badria amekaa mbele yangu amekunja mikono, asema hataipiga picha isipokuwa ya kweli.

Salamu zile ni zangu.

Baba yako hakunituma neno. Soksi nilizitunga mimi. Ulikuwa umesema umechoka, nami nilikujibu upuuzi kwa sababu ya masikio haya, nikaona haya, nikataka kukupa kitu. Nikafikiri: soksi zina madhara gani? Uliponiuliza kama ni kweli, hapo ndipo ningesema. Badala yake nikaongeza Idi. Idi alikuja, ndiyo, akala. Nikamwambia, "Duha akusalimu." Akaomba asogezewe achari. Hayo ya kuukabili ukuta na kipenzi changu ni yangu yote.

Wajua fundi mbaya anavyofanya? Friji inavuja, yeye hatafuti panapovuja. Anajaza gesi tu, inapoa wiki mbili, mteja anamshukuru. Mafundi wa namna hiyo mimi huwatukana hadharani. Na tangu Februari ndicho nilichokufanyia wewe na kaka yangu.

Basi nifungue orodha yangu. Soksi: chumvi. Idi: chumvi, na nyingi. Ile siku aliyokuja kwenye karakana akasema "mwanangu mimi" mara mbili na mikono ikamtetemeka, ile sikuigusa. Ni kweli tupu na Badria ni shahidi. Na yale ya maafisa wa vipimo ni kweli.

Ukigonga mlango sijui nini kitatokea. Huenda akafungua, huenda asifungue. Sikuweza kukuacha upande ndege kwa soksi nilizozitunga mimi.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza pia nitaelewa.

Ami yako,
Shamsudin


Mgodini
30 Novemba 2024

Ami Shamsu,

Nimerudisha tiketi. Mkataba nimeuongeza mwaka mmoja.

Nimetafuta namna ya kukuandikia bila ukali, na imenichukua wiki saba. Hii ndiyo niliyoipata. Stacy alituambia mapema kwamba chumvi imo. Tukaingia tunajua. Wewe hukuniambia. Hiyo ndiyo tofauti, wala si ndogo.

Najua ulifanya kwa mapenzi. Ningekuwa naweza kukuchukia, uchovu wangu ungekuwa mdogo kuliko hivi. Zile soksi nilizivaa mbili, Ami. Majira yote ya baridi nilizivaa mbili.

Usiniandikie kwa sasa. Habari za afya Mama Badria atanitumia.

Duha


Markiti, Mombasa
19 Januari 2025

Duha,

Shamsu alikuja dukani akaniwekea barua zote juu ya meza ya kazi, zako na zake, akasema, "Soma, kisha unipige ukitaka," akatoka mbio. Nimezisoma kwa mpango wa tarehe. Imenichukua siku nne kwa kuwa mwandiko wake ni mbaya. Sijampiga. Barua hii Zoeb ataipiga picha, na nimemwambia afumbe macho.

Kuna mambo sikubaliani nayo.

La kwanza. Umeandika kwamba hamkuona kitu. Mpimaji haandiki hivyo. Mimi nikiweka jiwe dogo kabisa na mshale usisogee, siandiki hakuna. Naandika: kama kipo, ni chini ya kiasi kadha, mizani hii haiwezi zaidi ya hapo. Naamini nanyi mliandika hivyo kwenye karatasi zenu, na kwamba kwa ami yako uliandika vile kwa sababu umechoka.

La pili. Ni kweli nilisema miwili ni miwili. Silirudishi. Ulinipa neno ukanipunja. Lakini kwamba ukirudi uje na kitu mkononi, hilo mimi sikulisema wakati wowote. Umeliongeza wewe.

La tatu. Mimi sikujua kama huko kuna baridi. Nimejua kwa kusoma barua za mtu mwingine. Mwaka wa nne sasa sikuuliza, na ningeweza kuuliza. Hilo ni kosa langu, si la Shamsu.

Duka nafungua saa mbili asubuhi, nafunga saa kumi na moja. Ijumaa nafunga kabla ya adhuhuri. Hakuna haja ya kugonga kwa sababu mlango huwa wazi. Sikwambii uje. Nakwambia saa.

Salamu zile za Februari, na za Idi, na nyingine zozote alizoziandika ami yako kwa jina langu, mimi sikuzituma. Zibandue ukutani. Bakisha hii:

Assalaam alaykum.

Baba yako,
Abdullah